Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Safari ya Kuuona Mpodo wa Minziro

Ndugu wanachama,

Mhazini atawasomea hesabu, na kamati ilikutana kama katiba yetu inavyotaka. Kwa idhini yenu, nafasi iliyobaki nitaitumia kueleza safari ya Agosti ya kwenda kuuona mpodo mmoja (mti wa msituni wa jamii ya Podocarpus, unaotoa mbao) katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Msitu wa Minziro, wilayani Missenyi, mkoani Kagera.

Tulipanda meli usiku bandarini Mwanza, tukashuka Bukoba asubuhi, kisha tukaendelea kwa gari kupitia Kyaka. Kesho yake ndiyo tuliyotembea msituni tangu alfajiri hadi alasiri. Tulichagua kiangazi kwa makusudi, kwa kuwa Minziro uko bondeni, na mvua zinapokolea maji ya Mto Kagera huingia msituni na kuifunika njia.

Msitu huu ulikwisha kupigwa misumeno. Mbao ya mpodo ni laini, ya rangi ya manjano hafifu na yenye nyuzi zilizonyooka, kwa hiyo wapasua mbao waliifuata miti iliyo mirefu na iliyonyooka kuliko mingine. Tulipita penye visiki vilivyoota kuvu, na penye mianya ambayo mimea itambaayo na miti michanga imeiziba kiasi kwamba mgeni hawezi kujua kuwa hapo palisimama mti mkubwa, mpaka aonyeshwe.

Mpodo tuliouendea umepinda kuanzia kimo cha mtu, na shina lake lina uwazi ndani. Mwenyeji aliyetuongoza alitueleza kuwa hiyo ndiyo sababu haukukatwa, kwani usingetoa ubao mmoja wa maana. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Mbegu za mti ulioachwa kwa kuonekana haufai ndizo zinazoota leo katika kivuli cha miti ya jirani, na niliiona miche yake kwa macho yangu.

Baadhi yenu mmependekeza tuandike umri wa mti huo katika kijitabu cha chama. Kamati haikukubali, nami naunga mkono uamuzi huo: umri wa mti husomwa katika pete za shina, na pete za miaka ya kwanza huwa katikati kabisa, mahali ambapo mpodo huu umeoza na kubaki tundu. Tarakimu yoyote tutakayoiandika itakuwa ya kubuni, na watoto wetu wataisoma kama kweli.

Lipo kosa letu ambalo sina budi kulisema. Tulipofika, karibu wote tuliusogelea mti kwa pamoja, tukaukumbatia na kupiga picha huku tukisimama juu ya mizizi yake, katika udongo wenye unyevu ambao hushindiliwa kwa urahisi. Mimi nilikuwa miongoni mwao, na nilipaswa kuwazuia wenzangu.

Kwa sababu hiyo, safari ijayo itakuwa na makundi mawili ya watu wasiozidi wanane, yatakayoingia kwa siku tofauti, na mti utatazamwa kutoka nje ya kivuli cha matawi yake. Wanaopenda kwenda wajiandikishe kwa katibu kabla ya mwisho wa Mei, ili vibali viombwe mapema.