Kaunda na nyama ya dirishani

Mhariri,

Kila msimu wa kampeni magazeti yanatuwekea picha za wagombea wakila mahindi ya kuchoma, kisha basi. Naomba mtuandikie pia habari za viongozi na chakula zenye uzito.

Mfano ni Kenneth Kaunda wa Zambia. Zama za ukoloni, kwenye mabucha ya Wazungu kule Rhodesia ya Kaskazini, kama Zambia ilivyoitwa wakati huo, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia ndani. Alisimama nje kwenye kidirisha, akapokea nyama iliyokwisha kufungwa, bila kuchagua wala kuiona. Miaka ya 1950 wananchi wakayasusia mabucha hayo. Kaunda akaacha nyama, na hata alipokuwa Rais hakuirudia. Alifariki 2021 akiwa na miaka 97.

Mimi ni mama lishe hapa Mbeya, na wateja wangu wengi ni abiria wa treni ya TAZARA. Kumnyima mteja haki ya kutazama kipande anachokilipia ni kumdhalilisha, na habari hii inaniuma kila nikiikumbuka.

Abiria wa Zambia huniulizia ifisashi. Ni mboga za majani, matembele kwa mfano, zinazopikwa na karanga zilizotwangwa. Moto uwe mdogo, ukoroge hadi mafuta ya karanga yaelee juu, halafu chumvi. Haihitaji nyama hata kidogo. Ukurasa wenu wa mapishi uichapishe, na kando yake mweke kisa cha Kaunda, vijana wakisome.

Mama Lishe,
Mbeya