Hesabuni Madoa, Msihesabu Rangi

Bwana Mhariri,

Miaka kumi na moja nasoma gazeti lako, sijawahi kukuandikia hata mstari. Leo umenishinda. Ile habari yenu ya kiwavijeshi vamizi, mdudu anayetumaliza mahindi, yenye picha ya kiwavi wa kijani kibichi, ndiyo iliyoniponza.

Nilikwenda nayo shambani, barabara ya Kipushi, asubuhi moja ya Januari, nikawa nafungua moyo wa mmea mmoja wa mahindi baada ya mwingine. Wa kijani nikawaponda. Wa kahawia, na wengine weusi kama makaa, nikawaacha. Si wale wa gazetini. Baada ya siku nane majani yamekuwa chekeche, kinyesi kimejaa ndani ya moyo kama unga wa msumeno. Binti yangu, anayesoma kilimo, akaniwekea mweusi mmoja kiganjani: "Mama, mtazame usoni." Kumbe pana mistari myeupe, Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yamekaa kama miguu ya meza. Akaleta wa kijani: alama zile zile! Mdudu ni mmoja, Bwana Mhariri! Rangi yake hufuata umri, chakula na msongamano. Wakibanana huwa weusi. Hata mwili hufuata sahani: aliyelishwa mahindi hukua upesi kuliko aliyelishwa pamba. Tena ana koo mbili, ukoo wa mahindi na ukoo wa mpunga, ambazo nondo wake, yaani vipepeo anaogeuka kiwavi huyu, huwezi kuwatenganisha kwa macho. Tangu 2016 yuko Afrika, katoka Amerika, na nyinyi bado mnatupa rangi! Sisi watu wa vinkubala, viwavi wa kuliwa, tunaomjua kiwavi kwa mti anaoula!

Na muuza dawa naye. Aliniambia weusi ni wengine, wana dawa yao, akanijazia kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi wala jina. Dawa mbili, mdudu mmoja, faranga zangu. Halafu tunauliza kwa nini bukari yetu, ugali wetu, inangoja malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Basi chapeni kichwa cha kiwavi huyu, kikubwa kama sahani, na mkia nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Kiwekeni ukurasa wa michezo, maana ndio wauza mandazi wanaofungia, utafika kila nyumba.

Picha yenu nimeirudisha humu bahashani, pamoja na mweusi mmoja mkavu. Hesabuni madoa.

Mama mkulima, Lubumbashi