Anza na Mshipi

Kibokoni, Mombasa

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata na imenifurahisha mno. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama yako nilimpitia Jumapili, hajambo, mguu umepungua uvimbe, na anauliza kama baridi ya Naivasha umeizoea. Habari za mtaa nitakuandikia siku nyingine. Leo nataka nikujibu lile uliloniuliza, kwa sababu umesema mshahara ukitoka tu unashuka Nairobi kununua vifaa, nami sipendi uingie dukani uchaguliwe na muuzaji.

Umeniuliza ununue rodi gani na rili gani za kuvulia besi, yule samaki wa mdomo mpana wa ziwa Naivasha. Mshipi hukuutaja. Kwangu mimi huo ndio wa kuanza nao. Sisi tumelelewa na watu ambao rodi hawakuwa nayo: mzee amekaa juu ya mawe ya Mama Ngina, au ndani ya dau huko Tudor, mshipi umepita juu ya kidole cha shahada, chubwi, ile risasi ya kuzamishia, iko chini, naye anakwambia huyu changu, huyu chewa, na samaki bado hajaonekana. Rodi kazi yake ni kuurefusha mkono ule. Rili kazi yake ni kuuweka mshipi na kuuachia kwa kiasi. Basi jiulize kwanza samaki huyu anakaa wapi, na ni mshipi gani utakaomtoa humo. Rodi na rili zitafuata.

Besi si mwenyeji wa Naivasha. Kwao ni Amerika Kaskazini, akaletwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa starehe. Mwaka 1970 wakaletwa pia wale kamba wekundu wa maji baridi ambao asili yao ni Louisiana na majimbo ya jirani, kwa hiyo besi akapata mlo anaoujua toka kwa mababu zake. Tabia yake haifanani na ya kolekole anayefukuza dagaa bahari nzima. Besi hujibanza. Utamkuta kwenye kivuli cha mafunjo, kando ya gugu maji, chini ya gogo lililozama, anangoja kitu kipite karibu, halafu anafungua ule mdomo ambao pembe yake inapita nyuma ya jicho na kukivuta ndani pamoja na maji. Akihisi ndoana, ama anarudi mafunjoni alikotoka, ama anaruka juu akitikisa kichwa aiteme. Meno ya kukata hana. Waya tunaoufunga mbele ya ndoana kwa ajili ya nguru na mzia huko huuhitaji, utamfukuza samaki bure.

Mafunjo ndiyo yanayoamua. Muuzaji akikwambia besi anataka mshipi wa ratili 50 utashangaa, kwa maana besi mzito kuliko wote walioandikwa duniani alikuwa wa ratili 22 na ushee: yule wa George Perry, Georgia, mwaka 1932, na mwenzake aliyevuliwa na Manabu Kurita katika ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Ratili 50 hazikuwekwa kwa uzito wa samaki. Zimewekwa kwa sababu samaki wa ratili tatu akishajisokota kwenye mashina ya mafunjo, unavuta samaki na shamba pamoja.

Madukani utakuta mishipi ya aina tatu. Nailoni unaijua. Ni rahisi, inafungika vizuri, na inavutika, jambo ambalo linamsaidia anayeanza, kwani samaki akiruka ghafla mshipi unalegea naye badala ya kung'oa ndoana mdomoni. Lakini kuvutika huko huko kunakunyima habari: chambo kikiguswa mita 25 mbele yako, mguso unafia njiani. Jua nalo linaichakaza nailoni, na ikikaa sana kwenye rili ndogo inatoka imejikunja vitanzi.

Wa pili ni flurokaboni, mshipi ambao kampuni ya Kureha ya Japani iliutoa mwaka 1971. Mwanga unapita ndani yake karibu na unavyopita majini, kwa hiyo samaki hauoni kwa urahisi. Unavumilia kusuguliwa na miti na mawe, na unazama. Kwa kuwa unazama, usiufunge chambo cha kuelea juu ya maji, utakivuta pua chini na mchezo wake wote utaharibika. Kujaza rili nzima kwa huo sikushauri. Ni ghali, ni mgumu, na kwenye spuli ndogo, yaani kile kigurudumu cha rili kinachozungushiwa mshipi, unafumuka wenyewe.

Wa tatu ni ule wa kusokotwa kwa nyuzi nyembamba, na huu ndio ninaokutakia. Hauvutiki, unaelea, na kwa nguvu ileile ni mwembamba sana: wa ratili 30 una unene wa milimita 0.28 hivi, sawa na nailoni ya ratili 8. Maana yake unarusha mbali, unahisi kila kitu, na bado una nguvu ya kumng'oa besi kwenye majani. Chukua wa ratili 30. Ukiona baadaye kwamba unapenda kuvua ndani kabisa ya mafunjo kwa chambo cha chura wa mpira, hapo ndipo utafikiria ratili 50 na rodi nzito zaidi.

Sasa sikiliza hili kwa makini, sahibu, kwa kuwa mikono yako imezoea mambo mengine. Mshipi wa kusokotwa usiuzungushe kiganjani kamwe, kama tunavyofanya na nailoni nene ya chewa. Ukinasa kwenye gogo na ukavuta kwa mkono mtupu, unakata nyama mpaka mfupani. Uviringishe kwenye kijiti, ndipo uvute.

Mbele yake funga flurokaboni ya ratili 15, urefu wa mkono mmoja au mmoja na nusu. Maji ya Naivasha mara nyingi ni ya tope, kwa hiyo faida kubwa hapo si kujificha bali kuvumilia kusuguliwa. Halafu kipande hicho kinakuwa ndipo panapokatika ukinasa, na mshipi wako mrefu unabaki. Fundo la kuunganisha nitakuonyesha ukija Idi. Kabla hujakaza fundo lolote lilowanishe kwa mate, maana likikazwa kavu linaungua kwa msuguano na nguvu yake inakwenda.

Rodi, basi. Kwa mshipi huo na pahali hapo, chukua ya futi 6 na nusu hadi 7. Utakuwa umekaa ndani ya boti mara nyingi, na ndefu kuliko hapo itakusumbua. Fupi zaidi haitanyanyua mshipi wa kutosha kwa mvuto mmoja pale unapotaka kuikaza ndoana. Usiende na mawazo ya rodi zetu za ufukweni za futi 12. Zile zimetengenezwa kurusha chubwi ya gramu 100 na zaidi, na chambo cha besi kina gramu 7 hadi 20. Rodi isipoinama kwa uzito wa chambo, chambo hakiendi popote.

Juu kidogo ya mpini pana maandishi madogo. Yasome. Utaona urefu, nguvu, uzito wa chambo kwa wakia au kwa gramu, na ratili za mshipi. Unachotaka ni nguvu ya wastani, au wastani inayoelekea uzito, na chambo kuanzia robo wakia hadi robo tatu. Muuzaji akikuletea rodi isiyo na maandishi hayo, irudishe hata kama inang'aa.

Nguvu ni jambo moja, mahali inapoinama ni jambo lingine, na hapa wengi huchanganya. Rodi inayoinama nchani tu inafaa mnyoo wa mpira na chura wa mpira, vyambo vyenye ndoana moja nene inayotakiwa kupenya upesi. Inayoinama hadi katikati inafaa visamaki vya plastiki vyenye ndoana ndogo za pembe tatu, kwa sababu ikiwa ngumu itazing'oa mdomoni mwa samaki. Ukiwa na pesa ya rodi moja, nunua ya kuinama nchani. Mnyoo wa mpira wenye rangi ya kahawia au nyekundu ya wale kamba, ncha ya ndoana imefichwa ndani ya mpira, unapita katikati ya majani bila kunasa, na kwa ziwa lenye mimea mingi sioni chambo cha kukufaa zaidi.

Kaboni ni nyepesi na inaleta habari mkononi. Nyuzi za kioo ni nzito, laini, na zinavumilia kugongwa. Chukua kaboni, ila ujue kwamba inapitisha umeme. Mawingu ya mchana yakianza kunguruma huko kwenu, ilaze chini na mrudi nchi kavu. Vipande viwili vinatosha kabisa, na kwenye matatu inaingia bila ugomvi na makanga.

Kabla ya kulipa, toa kipande cha pamba mfukoni (nenda nacho, duka halitakuwa nacho) ukipitishe ndani ya kila pete, moja baada ya moja, kuanzia ile kubwa iliyo karibu na rili mpaka ile ndogo ya nchani. Ukizungushe polepole ukingoni mwa ndani. Pamba ikiacha hata uzi mmoja, pete hiyo ina ufa, na ufa usiouona kwa macho utakula mshipi wako wa kusokotwa kila unaporusha. Ile ya nchani irudie mara mbili, ndiyo inayogongwa zaidi. Halafu iangalie rodi kwa jicho moja kutoka mpinini, kama pete zimepangana mstari mmoja.

Rili nitasema kwa ufupi. Ile kubwa ya mjomba wako ya kuvulia sulisuli iache ilipo. Kuna rili ambayo spuli yake inazunguka unaporusha, na kidole gumba lazima kiidhibiti. Ina nguvu na shabaha nzuri, na wazoefu wa besi wanaipenda, lakini asiyeifanyia mazoezi anaishia na mshipi uliofumuka wote. Wewe anza na ile ya spuli iliyotulia, inayoning'inia chini ya rodi, ukubwa wa 2500 au 3000. Idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi isikuzuzue, beringi chache nzuri zinashinda nyingi hafifu. Fanya hivi: zungusha mkono wake taratibu sana uhisi kama kuna chembe inayokwaruza, kisha uvute mshipi breki ikiwa imekazwa nusu. Itoe mshipi mfululizo, bila kushtuka. Breki inayoshtuka ndiyo inayokata mshipi, rili ya namna hiyo irudishe. Ukishafika, pima kwa mizani ndogo ya samaki: ianze kuachia kwenye ratili 4 au 5, yaani kilo mbili hivi.

Usiujaze mshipi hadi ukingoni, acha milimita mbili hivi. Chini kabisa tanguliza mizunguko kadhaa ya nailoni, la sivyo huu wa kusokotwa utateleza wote kwa pamoja juu ya chuma. Na ukisharusha, ule upinde wa waya ufunge kwa mkono, uukaze mshipi kidogo, ndipo uzungushe. Vitanzi vingi chanzo chake ni hapo.

Pesa yako ikiwa haitoshi vyote viwe vizuri, punguza kwenye rili, usipunguze kwenye rodi wala mshipi. Huko hakuna chumvi. Rili ya bei ya wastani ambayo hapa Mombasa ingeoza ndani usipoisuuza kila jioni, kwenye maji baridi itakutumikia sana, mradi uifute tope.

Mambo mawili nje ya vifaa. Leseni uikate kwenye ofisi ya uvuvi kabla ya kutumbukiza ndoana, na uwaulize pia kuhusu miezi ya kufunga. Na usivue ukiwa umesimama majini wala kando ya mafunjo asubuhi na mapema au jioni. Viboko wa ziwa hilo wanaua. Toka na mwenye boti wa huko huko anayejua wanakolala, na akisema tuondoke, muondoke.

Ukimpata wa kwanza, mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba na cha shahada, atatulia. Akiwa mkubwa mshikilie na tumbo kwa mkono wa pili, usimlaze hewani kwa taya peke yake, litavunjika.

Mshipi usinunue Nairobi. Nitakutumia mimi kwa basi pamoja na flurokaboni, na mama yako anataka kufunga na kaimati na achari ya maembe. Nipe tu maandishi yaliyo kwenye spuli ya rili utakayochukua, yale ya unene na mita, nijue nikukatie kiasi gani. Niandikie kabla ya Alhamisi, maana Ijumaa jamaa wa basi hapokei mizigo baada ya sala.

Wasalaam,
Sahibu yako