Barua kwa Baba kutoka Villa Park

Birmingham, 12 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine naomba unifikishie kwa Mama. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima wa afya kama inavyoniacha mimi, isipokuwa mafua niliyoyapata Glasgow, ambayo sasa yanaelekea kuisha. Uliniagiza nisikusimulie habari za uwanja kwa simu, kwa kuwa simu hukatika pale utamu unapoanza, bali niziandike zote kwa utaratibu ili uwasomee wenzako kibarazani. Nimetii. Edinburgh na Manchester nitaziandikia barua yake. Hii ni ya Villa Park peke yake, uwanja wa klabu ya Aston Villa.

Kutoka katikati ya jiji nilipanda treni hadi kituo kidogo kiitwacho Witton, safari ya dakika chache tu, kisha nikatembea kwa miguu. Uwanja huu, ambao sisi tuliuona kwenye banda umiza la Rangi Tatu ukimeremeta kwa taa, kumbe umekaa uswahilini kwao: nyumba za matofali mekundu zimebanana kuta kwa kuta, na mtu akifungua mlango wake asubuhi anakutana na jukwaa. Juu ya kilima kuna jumba la kale, Aston Hall, lililokuwa la ukoo wa Holte, na ndiyo maana jukwaa kubwa la nyuma ya goli linaitwa Holte End. Timu ilihamia hapa mwezi Aprili 1897, siku chache tu baada ya kutwaa ubingwa wa ligi na Kombe la FA katika msimu mmoja. Unaingiza watu zaidi ya 42,000. Najua utasema Kwa Mkapa wanaingia 60,000, na ni kweli; lakini mwaka 1946, enzi za kusimama na kubanana, waliwahi kuingia hapa watu 76,588.

Aliyetutembeza ni mzee wa makamo yako, mwenye sauti ya kukwaruza kama ya mtu aliyeshangilia tangu utotoni. Alitueleza kwamba klabu ilianzishwa mwaka 1874 na vijana wa kanisa moja la Kimethodisti waliokuwa wakicheza kriketi kiangazi na kukosa la kufanya majira ya baridi yakiingia. Wapinzani wao wa kwanza walikuwa timu ya raga, kwa hiyo wakakubaliana kipindi cha kwanza kichezwe raga na cha pili kichezwe soka, na Villa wakashinda bao 1-0. Nje ya uwanja kuna sanamu ya William McGregor, Mskoti aliyekuwa na duka la vitambaa mjini hapa na kiongozi wa klabu. Kwa kuchoshwa na mechi za kirafiki zilizokuwa zikiahirishwa ovyo, alikaa chini mwezi Machi 1888 akaviandikia barua vilabu vingine, akipendekeza viwe na ratiba moja inayoheshimiwa. Septemba ya mwaka huohuo timu 12 zikaanza ligi. Nilisimama mbele ya sanamu hiyo muda mrefu kuliko wenzangu. Ligi zote tunazogombania kibarazani, pamoja na hiyo yetu ambayo ratiba yake hubadilika kila wiki, zilifuata njia iliyofunguliwa na barua ya muuza vitambaa.

Lakini kisa ambacho lazima uwasomee wenzako mara mbili ni cha kombe lililoibwa. Villa walilichukua Kombe la FA mwaka 1895, wakamwazimisha mwenye duka la viatu na vifaa vya mpira ili aliweke dirishani watu walione. Usiku mmoja wa Septemba mwizi akaingia, akaondoka nalo. Ilitangazwa zawadi ya pauni 10, lakini kombe halikupatikana hata leo, na klabu ikatozwa faini ya pauni 25. Miaka zaidi ya 60 baadaye mzee mmoja alijitokeza gazetini akadai kwamba yeye na wenzake waliliyeyusha wakatengenezea sarafu bandia. Hilo, Baba, hata mtani wetu Simba hajawahi kulifanya, pamoja na maovu yote unayomsingizia.

Sasa nifike kwenye agizo lako lenyewe. Ulitaka nisimame kwenye goli alilofungia Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu Mtanzania wa kutoka Mbagala, nikupigie picha. Nilimuuliza yule mzee, naye akacheka, si kwa dharau, akaniambia goli hilo halipo hapa. Nikahesabu mwenyewe, nikaona ni kweli: mabao yake akiwa Villa yalikuwa mawili, la kwanza ugenini Bournemouth, la pili lile la kichwa cha kujirusha dhidi ya Manchester City pale Wembley, tarehe 1 Machi 2020, usiku ambao wewe, Mwananchi wa damu, shabiki wa Yanga, ulisimama juu ya benchi ukimshangilia mtoto wa Simba na kesho yake ukakana. Baada ya hapo ugonjwa wa korona ukafunga viwanja, na ligi iliporejea mwezi Juni ilichezwa bila watazamaji. Hapa mashabiki walipata kumwona usiku wa Januari, mechi yake ya kwanza, walipowatoa Leicester kwa bao la dakika za nyongeza. Kwa hiyo nimekupigia picha ya njia ya kutokea vyumbani kwenda uwanjani, ambayo kijana wa Mbagala aliipita. Ni nyembamba kuliko nilivyodhania, na mwishoni mwake nyasi zinang'aa ghafla.

Jezi zao ni ghali mno kwa mwanafunzi, hivyo nimekununulia skafu, na atakuletea mtoto wa Mama Mdogo akija mwezi ujao. Kabla ya kulipa niliitoa nje nikaitazama kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu nakujua. Si nyekundu ya Simba, Baba. Ni damu ya mzee na samawati, unaweza kuivaa hata siku ya dabi.

Mwanao akupendaye.