Mume wangu amepeleka habari za vijiti vyangu kwa mamake

Shangazi, sijalala. Mume wangu alimwambia mamake kwamba nina vijiti vya kupanga uzazi mkononi, nami nikaja kuyasikia kwao Siaya, mbele ya mashemeji, eti nimefunga uzazi wa nyumba ya mwanawe.

Nimefunga nini? Ni vijiti viwili vya miaka 5, na vikitolewa uzazi unarudi. Tena kliniki tulienda sote wawili, alikuwa ameketi pale nesi akieleza. Mimba ya kitinda mimba wetu ilinipandisha presha hadi nikalazwa. Ndiyo maana nesi alikataa kunipa vile vidonge vya kila siku vyenye homoni mbili, akasema havimfai mtu wa presha. Sindano ya miezi mitatu niliwahi kuitumia, na nilipoiacha mimba ilichelewa sana kuingia. Aliyelalamika wakati huo ni yeye! Leo ati hakuelewa.

Damu inanisumbua, sikatai. Mwezi mmoja matone hayaishi, mwingine sioni kitu. Nesi alituambia mapema inaweza kuwa hivyo. Lakini mavyaa anasema vijiti vinatembea kuelekea moyoni, na mume wangu anamwamini. Mimi navipapasa chini ya ngozi kila usiku, viko palepale.

Kwa nini asiniulize mimi kwanza? Mamake ndiye aliyelazwa na presha?

Usidhani simheshimu mavyaa. Omena ninazouza sokoni Kibuye naye hupelekewa. Wala sijasema sitaki kuzaa tena. Watoto watatu wananitosha, ingawa nikimpakata mtoto wa jirani hapa Manyatta natamani wangu. Ila si sasa, na si kwa kuamriwa na kikao cha mashemeji.

Anataka nivitoe kabla ya Krismasi. Nimewaza nivitoe kweli, kisha niwekewe koili kizazini, ile ya shaba isiyo na homoni, inakaa hata miaka 10, nisimwambie. Halafu naona nitakuwa naishi na mume wangu kwa kujificha, na mimi simfichi kitu. Au nimrudishe kliniki asikie tena kwa nesi? Akikataa je? Na hata akikubali, Shangazi, nitamwambiaje jambo langu lingine wakati hili la mwilini mwangu amelipeleka kwa mamake?