Shukrani kwa kaka wa steshenari, Mwanga

Wana Kigoma wenzangu, naomba mnishuhudie. Kuna kaka ana steshenari pale Mwanga. Jina hataki nilitaje, na hata ujumbe huu sijui kama ataupenda.

Nilikuwa nachonga kiumbe wangu kwenye Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D kwenye kompyuta: mwili wa chura, mkia wa kiluwiluwi, watoto wamebebwa mgongoni. Wazo lilitoka kwa chura wa Kihansi, ambaye hatagi mayai, huzaa. Kompyuta yangu ikagoma. Nikifungua faili tu, inaganda, na kazi inatakiwa kesho yake.

Kaka alichomeka flashi yangu kwenye mashine yake, akanakili faili kwanza kabla ya kugusa chochote (mafundi wangapi hufanya hivyo?). Akapunguza poligoni (vipande vidogo bapa vinavyounda umbo) za tumbo na mgongo, sehemu zisizohitaji wingi ule, akaziacha za macho na vidole. Vile vipele vya ngozi, ndivyo vilivyokuwa mzigo wenyewe, akanionyesha kuvihamishia kwenye picha inayovikwa juu ya umbo laini: jicho linaona vipele, mashine haibebi kitu. Akahesabu vidole. “Mbele vinne, nyuma vitano. Hapa umepatia, mdogo wangu.”

Umeme ulipokatika aliwasha jenereta, petroli yake. Hela akakataa, akakubali soda.

Wenye mashine nzuri, kijana akija na flashi mkononi mpeni kiti. Kaka, asante sana. Faili la mwisho nimekuachia nakala, lifungue ukipata nafasi.