Barua kwa binti yangu aliye Lyon, Ufaransa, kuhusu lile jarida

Mama yangu Nekesa,

Picha za kurasa ulizonitumia zimefika. Kifaransa changu ni cha kuokoteza, kwa hiyo jirani anayefundisha lugha hiyo alinisomea jioni nzima. Unauliza mbona jarida hili linahesabiwa kuwa la mrengo mkali wa kulia, yaani la siasa za kuwabagua wageni, ilhali halina tusi hata moja, na hata Mwafrika linamhimiza athamini mila zake.

Mimi ni mpiga chapa, basi naanza na karatasi. Ni nzito, inang'aa, na matangazo karibu hayapo. Jarida la hivyo haliishi kwa mauzo yake. Kuna anayebeba hasara. Anaibeba kwa sababu anawataka wasomaji wachache tu: mhadhiri, mwandishi wa habari, msaidizi wa mbunge. Hao wakishaizoea lugha yake, magazeti ya watu wengi yataisambaza bila malipo.

Huko uliko njia hiyo ina historia. Mwaka 1968 mwandishi Mfaransa Alain de Benoist na wenzake wa mrengo huo walianzisha kikundi cha GRECE na jarida la Nouvelle École. Jarida lao lingine, Éléments, likafuata mwaka 1973. Baada ya Hitler na vita vya Algeria, siasa zao zilikuwa zinanuka. Wakamsoma Gramsci, Mkomunisti aliyefungwa na Mussolini, wakaokota funzo lake: anayetaka serikali atwae kwanza fikra za watu. Wakaacha kusema rangi moja ni bora kuliko nyingine. Wakasema kila jamii ina haki ya kubaki ilivyo, kwenye ardhi yake. Kufikia 1978 de Benoist alikuwa ametuzwa na Académie française, baraza kuu la lugha ya Kifaransa, na wenzake wanaandika katika Le Figaro Magazine, jarida la watu wengi. Tumtendee haki: amemkosoa waziwazi Le Pen, mwanasiasa wa mrengo huo. Lakini hoja ikishachapwa, kila mwanasiasa huichukua bila kumwomba ruhusa aliyeitunga.

Kila jamii kwake: maneno hayo hata hapa Kenya tumeyaona. Wewe ulikuwa mdogo mwaka 2008, ila mahema ya wakimbizi wa ghasia za uchaguzi pale uwanja wa maonyesho uliyaona. Kabla ya uchaguzi ule alikuja dukani bwana mmoja, suti safi, adabu tele, akitaka kijitabu cha historia ya ardhi ya Bonde la Ufa. Alilipa taslimu, na nakala zote zilikuwa za kugawa bure. Kurasa za mwanzo zilisifu hekima ya wazee, tena kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wateja wangu wengi. Mbele kidogo palikuwa na ramani, na kwenye ramani "wenyeji" na "wageni". Wageni wenyewe walikuwa majirani zetu. Nilimrudishia pesa zake nikamwambia mashine imeharibika.

Jirani zetu wa Rwanda walifika mbali zaidi, hadi mauaji ya kimbari ya Watutsi mwaka 1994. Kila mtu huilaumu redio ya RTLM, lakini redio ilianza mwaka 1993. Jarida la Kangura lilitangulia mwaka 1990, na Desemba mwaka huo likachapa amri kumi za Wahutu. Ya kwanza ilimwita msaliti Mhutu anayeoa Mtutsi. Machi 1994 jarida na redio vikaendesha shindano la pamoja, majibu yakitafutwa katika matoleo ya zamani ya Kangura. Yaani watu wafukue wasome upya! Mhariri wake, Hassan Ngeze, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa kule Arusha mwaka 2003. Kizimbani alikuwa pamoja na Ferdinand Nahimana, mwanahistoria wa chuo kikuu.

Sisemi hao rafiki zako wanaokupa jarida wanapanga mauaji. Ila waulize swali moja: hiyo haki ya kubaki kwako, mtoto wa mhamiaji aliyezaliwa Lyon anaipatia wapi? Na usiache kulisoma. Wagombea wakianza kusema hayo majukwaani, utajua yalikotoka.

Ukija Desemba niletee toleo zima, nione ukurasa wenye jina la mchapishaji na wafadhili. Ada ya muhula nimetuma jana, angalia benki. Mama yako anauliza kama koti lile linatosha.

Baba yako,
Nakuru